Watu Thelathini na Mmoja wa Simu ya Salumu

Saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumanne, Bi Mwanahawa Kibwana alifika kwenye dirisha la ghala letu la Kisarawe akiwa na kitambulisho mkono wa kulia na kitawi cha maua ya mkorosho mkono wa kushoto. Naujua muda huo kwa sababu niliuandika. Hitilafu niliyoigundua asubuhi ile ilihitaji dakika nne kuirekebisha, na ilirekebishwa baada ya misimu mitano. Nimestaafu mwezi uliopita kwa hiari, nikiwa na miaka hamsini na mitano, na ninyi mnaobaki mmeniomba niandike niliyojifunza kazini. Niliyojifunza ni mengi, lakini hili ndilo ninaloweza kulithibitisha kwa karatasi.

Nianze na ghala, kwa sababu kompyuta nilizikuta baadaye. Nilikuja Kibaha kwa uhamisho wa mume wangu, ambaye ni mwalimu. Tulipanga nyumba mtaa wa Tangini, na baada ya miezi michache nikapata kazi ya ukarani kwenye ghala kuu la kampuni. Tulikuwa tunauza pembejeo za kilimo: mbegu, mabomba ya kupulizia, na zaidi ya yote salfa, unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho ili isishikwe na ubwiriunga, ugonjwa unaofanya unga mweupe kwenye maua. Siku ya kwanza sikupewa kiti. Mkuu wa ghala, Mzee Mbonde, alinipa leja na kuniambia nihesabu mifuko. Nikahesabu, nikampelekea jibu.

"Umeanzia wapi kuhesabu?"

"Mlangoni, mzee."

"Sasa anzia ukutani uje mlangoni."

Hesabu zikapishana kwa mifuko mitatu. Hakunikemea. Alisema ukirudia kuhesabu kwa njia ileile utarudia kosa lilelile, ila safari hii kwa uangalifu zaidi. Kanuni yake nyingine ilikuwa ya kuandika matatizo: andika saa, andika nani alikuwepo, andika ulichokiona, na ulichokifikiri kiandike mstari wa chini. Nilinunua kaunta buku wiki hiyo hiyo. Nimestaafu nikiwa na kaunta buku kumi na tisa. Ni urithi ambao wanangu wamekwisha kuniambia hawautaki.

Kompyuta ya kwanza ilipofika ofisini ilifunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, na juu ya kitambaa ikawekwa simu ya mezani. Meneja aliifunua siku za wageni. Kitabu chake cha maelekezo hakikuwa na mwenyewe, nikakibeba nyumbani. Kilikuwa cha Kiingereza. Nilikisoma kwa kamusi, kurasa mbili kila jioni baada ya vyombo, na nilipokimaliza nikawa mtaalamu wa ofisi nzima, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua namna ya kuizima. Baadaye nilisoma vitabu vingine vigumu zaidi, nikajifunza kuandika programu ndogo za kuhesabu mifuko kutoka ukutani. Vyeo nitaviruka. Vilikuja vikaenda, na hakuna kimoja kilichonifundisha kitu.

Kisha makao makuu, Dar es Salaam, wakaleta Mfumo. Nauandika kwa herufi kubwa kwa sababu ndivyo ulivyotamkwa. Kila mkulima angesajiliwa kwa jina, kijiji na namba ya simu. Angeagiza mifuko yake kabla ya msimu, na mzigo ukifika angepata ujumbe wenye namba ya kuchukulia, aje dirishani, alipe, abebe. Jambo zuri kabisa. Mwezi wa sita wa msimu wa kwanza nilikwenda Kisarawe kushika dirisha kwa sababu karani wa pale alikuwa likizo ya uzazi. Na hapo ndipo Bi Mwanahawa aliponikuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata salfa yangu, mifuko miwili. Mwanahawa Kibwana, wa Masaki."

Nikaandika jina. Nikaliandika tena.

"Bibi, jina lako halipo."

"Halipo wapi?"

"Kwenye Mfumo."

"Lakini mimi nipo."

"Nakuona, bibi."

"Na hiyo nyuma yako si salfa?"

"Ni salfa."

"Basi kati ya mimi na salfa kuna nini?"

Akaniwekea kile kitawi dirishani. Maua yalikuwa yameanza kufanya unga mweupe kwenye vikonyo. Alikuwa na mikorosho sitini, na huo ndio uliokuwa mshahara wake wa mwaka. Aliyekaa kwenye mashamba anajua kwamba unga ule ukishaonekana unahesabu siku.

Nikamwomba namba ya simu.

"Ya Salumu," akasema.

"Salumu ni nani wako?"

"Si wangu wa chochote. Ndiye anayepatikana."

Salumu alikuwa nje, ameegemea pikipiki iliyomleta. Ni dereva wa bodaboda, mtu mzima mwenye watoto wanne, na kijiwe chake kiko kwenye kipande cha mwinuko ambako mtandao unashika. Upande wao wengi hawana simu, na wenye simu hawana mtandao. Kwa hiyo mtu akiulizwa namba anataja ya Salumu, na haoni kama amedanganya. Ameulizwa atapatikana wapi, akajibu. Salumu hunakili ujumbe kwenye daftari la shule na kuufikisha akipita na abiria. Nililiona daftari lile. Lilikuwa na safu ya jina, safu ya ujumbe, na alama ya vema kwa kila uliofika. Yaani Salumu naye alikuwa na mfumo, na wa kwake ulikuwa haujapoteza mtu.

Nikaingiza namba yake kwenye kompyuta. Likatokea jina moja tu: Kondo Mfaume, mifuko miwili. Nikajisajili mimi mwenyewe kwa namba ileile. Mfumo haukukataa wala kuonya. Mzee Kondo akatoweka, nikakaa mimi mahali pake. Nikamrudisha upesi; alikuwa hayupo duniani kwa sekunde arobaini na sidhani kama alihisi chochote.

Kwenye ukurasa wa mipangilio, ambao niliruhusiwa kuutazama bila kuugusa, kulikuwa na kisanduku kidogo chenye tiki: namba moja, mteja mmoja. Aliyeiweka tiki ile alikaa mjini, mahali ambapo kila mtu ana laini mbili, na hakuwahi kukutana na mtu anayetaja namba ya jirani bila haya. Kwa hiyo kila aliyesajiliwa kwa namba ya Salumu alimfuta aliyemtangulia, pamoja na oda yake. Nikahesabu ujumbe wa usajili kwenye daftari la Salumu: watu thelathini na mmoja walikuwa wamekuwa mtu mmoja. Saa yangu ilisema tatu na dakika ishirini na moja.

Siku ile nilitumia njia ya Mzee Mbonde. Nilichukua majina kwenye daftari la Salumu, nikatoa mifuko kwa karatasi na dole gumba, na Bi Mwanahawa akapulizia kesho yake. Kwa kutoa mali nje ya Mfumo niliandikiwa barua ya kujieleza. Nilijieleza. Kisha nikajaza fomu ya kuripoti hitilafu, na hapa naomba msome polepole, maana ndipo nilipoijua kampuni kubwa.

Fomu ilikuwa na sehemu ya "idadi ya wateja walioathirika." Sehemu hiyo huijazi wewe. Unaweka namba ya simu inayohusika, na Mfumo unahesabu wenyewe. Ukahesabu: mmoja. Kwa kuwa ni mmoja, ukaipa ripoti yangu, ambayo wenyewe huiita tiketi, uzito wa "chini sana," uzito uleule unaopewa nembo ikikaa upande.

Dada Jackline, mratibu wa Mfumo makao makuu, akanipigia.

"Mama Tumaini, shikamoo. Nimeona tiketi yako. Mteja mmoja."

"Marahaba. Ni thelathini na mmoja."

"Mfumo unasema mmoja."

"Unasema mmoja kwa sababu hiyo ndiyo hitilafu yenyewe."

"Nakuelewa, mama. Ila siwezi kupeleka kikaoni namba ambayo Mfumo hauioni. Halafu umeandika ni watu wa Masaki. Mtu wa Masaki anakosaje simu?"

"Masaki ya Kisarawe, Jackline, si ile ya matajiri wa mjini."

"Kwani kuna nyingine?"

Nikaitwa kikaoni. Walikuwa watu saba na chupa saba za maji. Nataka mlielewe hili, kwa sababu vijana mnapenda kudhani tatizo ni ujinga: sikukuta mjinga hata mmoja, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Wa kwanza alisema tiki iliwekwa na mkandarasi, na mkandarasi hutoza kwa kila badiliko, dogo kwa kubwa. Wa pili alisema badiliko lolote lazima lijaribiwe wiki mbili, na wajaribu wamejaa hadi mwisho wa msimu. Wa tatu aliogopa wezi watakaojisajili mara kumi kwa simu moja. Wa nne aliuliza nani aliidhinisha tiki ile, na wa tano, aliyeiidhinisha, akaagiza chai. Wa sita aliona busara kusubiri, kwa sababu mfumo mpya unakuja mwakani. Huo mfumo mpya ulikuwa unakuja mwakani kila mwaka niliokuwa kazini, na naamini mpaka leo uko njiani. Wa saba alikuwa mwenyekiti, akatushukuru.

Nilirudi Kibaha nikafanya kosa ambalo sikulijua kuwa ni kosa kwa muda mrefu, kwa sababu nilipongezwa kwalo. Nilitafuta njia ya kuzunguka. Msimu wa pili, kila aliyetumia simu ya jirani nilimsajili kwa namba ya kubuni: sifuri tisa na moja, sifuri tisa na mbili, na kuendelea. Kufikia mwisho nilikuwa na namba mia mbili na kumi na mbili; kwa hesabu hiyo nilikuwa na kampuni yangu ya simu. Ujumbe ulitumwa kwenye namba hizo na kupotelea huko ulikokwenda, na mimi kila Jumatatu nilichapisha orodha ya majina na namba za kuchukulia, ikabandikwa ukutani Kisarawe. Salumu aliipiga picha kwa simu, akanakili daftarini, akasambaza.

Ilifanya kazi. Bi Mwanahawa alichukua salfa yake msimu wa pili, wa tatu na wa nne. Makao makuu walipopata habari walinipa cheti cha ubunifu. Wakanakili orodha yangu kwenye wilaya nyingine, wakaitengenezea fomu na mhuri, na mwisho wakaajiri Afisa Orodha, kijana mwenye shahada, kazi yake ikiwa kuchapisha Jumatatu kile ambacho kompyuta ingeweza kukijua Jumapili. Kila Januari nilifungua tiketi upya. Kila Februari ilifungwa kwa maneno yaleyale: kuna njia mbadala inayofanya kazi.

Njia mbadala nilikuwa mimi. Hitilafu ile ilinenepa kwa mkono wangu. Kama ningeacha dirisha la Kisarawe lifurike watu kwa siku tatu, mtu wa tano angemaliza chai yake. Lakini kuacha watu wakose salfa ili ofisi ione kunataka moyo ambao sikuwa nao, na sina hakika kama nautaka hata sasa.

Msimu wa tano, usiku wa kuamkia Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita, makao makuu waliendesha zoezi la kusafisha taarifa. Walitafuta namba za simu zisizokuwepo, wakakuta mia mbili na kumi na mbili za Kisarawe, zote za kwangu, wakazifuta. Asubuhi orodha ikachapishwa tupu, ikapigwa mhuri na Afisa Orodha, ikabandikwa. Saa nne na nusu nikapata barua: nieleze wateja hewa, yaani wasiokuwepo, mia mbili na kumi na mbili. Dirisha likafungwa kwa watu wote wa orodha mpaka uchunguzi ukamilike.

Uchunguzi ulichukua wiki tatu. Niliwaonyesha kaunta buku, tiketi zangu tano, hata cheti cha ubunifu. Mchunguzi alikipiga picha cheti akasema ni ushahidi muhimu. Hakusema wa nini. Siku ya tisa Bi Mwanahawa akanipigia kwa simu ya Salumu.

"Mwanangu, nasikia mimi ni hewa."

"Wanasema hivyo, bibi. Nashughulikia."

"Unashughulikia lini? Maua yanaungua."

Nyuma yake nikamsikia Salumu. "Mwambie, bibi, hewa haipandi pikipiki. Wala nauli hailipi."

"Nyamaza wewe," akamwambia, kisha akanirudia. "Mimi mwaka ule nilikuja na kitawi ukanielewa. Nije nacho tena?"

"Usije, bibi. Dirisha limefungwa."

"Basi nikae nao tu, niwaangalie." Alikuwa anaisema mikorosho kana kwamba ni watu.

Niliwaomba waniruhusu kutoa salfa kwa karatasi, kama mara ya kwanza. Nikakumbushwa kwamba mara ya kwanza niliandikiwa barua. Siku ya ishirini na mbili nikasafishwa: ilithibitishwa kwamba wateja wangu si hewa, ila taarifa zao hazikuwa sahihi. Maua ya Masaki yalikuwa yamekwisha kuwa meusi. Salfa yenyewe ilikuwepo muda wote, imepangwa ghalani, na niliihesabu kutoka ukutani. Haikupungua hata mfuko.

Aliyenifungua macho ni Jackline. Tulikutana kwenye ngazi baada ya kikao cha kunisafisha, akashusha sauti.

"Mama, nikwambie kitu. Huku hakuna anayesifiwa kwa kurekebisha. Ukirekebisha, maana yake kulikuwa na kosa, na kosa lina mwenyewe. Andika fomu ya huduma mpya."

"Huduma gani?"

"Hiyohiyo. Ipe jina."

Nikaiita "Simu ya Jirani." Niliandika kwamba kampuni, ya kwanza katika ukanda wake, itamwezesha mkulima kusajiliwa kwa namba ya mtu anayemwamini. Sikutaja tiki. Tiketi zangu tano zilikuwa zimekaa misimu mitano. Fomu hii ilipita kwa siku tisa. Mkandarasi hakutoza, akaomba nembo yake iwe kwenye bango. Wajaribu wakapata nafasi. Yule wa tano, mwidhinishaji wa tiki, akaomba awe msimamizi wa mradi, na akapewa.

Uzinduzi ulifanyika Kisarawe kabla ya msimu wa sita. Kulikuwa na mahema mawili, viti vilivyovikwa nguo, muziki, fulana, kofia, na keki yenye umbo la simu. Meneja mkuu alibonyeza kitufe chekundu kikubwa jukwaani. Kitufe hakikuunganishwa na chochote. Nilizunguka nyuma nikaangalia. Tiki iliondolewa na fundi mmoja Dar es Salaam, nikiwa naye kwenye simu. Alianza saa tano na dakika mbili akamaliza saa tano na dakika sita, na dakika moja kati ya hizo alikuwa anatafuta nywila.

Bi Mwanahawa aliitwa mbele kama mnufaika wa kwanza. Akavishwa kofia juu ya ushungi, akapewa kipaza sauti.

"Nashukuru kwa kofia," akasema. "Msimu uliopita mlisema mimi ni hewa. Korosho zangu nani atanirudishia?"

Watu wakacheka, naye akasubiri wamalize. Meneja akasema, "Mama yetu, hilo tunalichukua."

"Mnalichukua mnalipeleka wapi?"

Mshereheshaji akafungulia muziki.

Nililichukua mimi. Nilijaza fomu ya madai ya fidia kwa niaba yake, na nikiri kwamba niliijaza kwa matumaini, kwa sababu ushahidi wote nilikuwa nao. Fomu ilitaka namba ya tiketi ya hitilafu iliyosababisha hasara. Nikaziweka zote tano. Zikarudi siku hiyo hiyo. Tiketi zangu zilikuwa zimefungwa asubuhi ya uzinduzi, kila moja kwa sababu mpya: si hitilafu, ni huduma iliyokuwa haijaanzishwa. Na kama hapakuwa na hitilafu, hapakuwa na hasara. Nilipoipa tiki ile jina zuri ili iondoke, niliyafuta mashamba ya Masaki kwa usafi kuliko Mfumo ulivyoweza. Nilikwenda kumwambia mwenyewe, uso kwa uso. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula.

Ninyi mnaobaki, mkiona hitilafu ndogo imekaa muda mrefu, msianze kwa kuuliza nani mvivu. Tafuteni nani anaizunguka kila Jumatatu, na anapewa nini kwa kazi hiyo. Afisa Orodha bado yupo. Bado anachapisha, na nimeambiwa sasa ana msaidizi.

Kabla ya kukabidhi ofisi nilifanya hesabu mbili. Ya kwanza ni ya uzinduzi, niliyoiona kwenye karatasi za malipo, pamoja na keki: shilingi milioni kumi na nane na laki sita. Ya pili nilikwenda kuifanya Masaki, barazani kwa Bi Mwanahawa. Tulianza na miti, mkorosho kwa mkorosho, akisema kila mmoja huzaa nini na safari ile ulizaa nini. Kisha tukaanzia upande wa pili, kwenye stakabadhi zake za mauzo, mwaka kwa mwaka, tukarudi nyuma hadi kwenye miti. Hesabu hazikupishana: kilo mia mbili na kumi zilizopotea, kwa bei ya mwaka ule ya shilingi elfu mbili. Salumu aliandika jumla kwenye daftari lake, na safu ya vema ameiacha wazi. Shilingi laki nne na elfu ishirini.